Rimu nne za motahomu na kilichokuwa chini ya rangi ya fedha

Rimu ilikuwa imelazwa juu ya gunia, uso juu, kwenye ua wa mafundi karibu na njia ya Pangani, hapa Tanga. Kwa mbali iling'aa. Rangi ya fedha, haina hata miezi sita. Fundi akainama, akaegemeza ukucha wa kidole gumba pembeni ya tundu la hewa, akasukuma.

Rangi haikubanduka vipande vidogovidogo. Iliambuka kama ganda la kitunguu, kipande kizima cha ukubwa wa kiganja. Chini yake palikuwa na unga mweupe uliolowa, na ndani ya unga ule vijinjia vyembamba vilivyopindapinda kama vya mchwa ukutani. Akaufuta unga kwa kitambaa. Chini ya unga, puti.

Puti.

Nani alijaza puti, ule ujiuji wa kuzibia mabonyeo ya bodi kabla ya rangi, kwenye rimu inayobeba zaidi ya tani mbili? Hilo halijibiki, na likijibika halisaidii. Lililonikaa kichwani wiki kadhaa sasa ni jingine. Kazi ile ilipotoka gereji watu waliisifu, na yeyote kati yetu angeisifu. Basi kama kopo moja la rangi ya fedha linatosha kumdanganya mtu anayezijua rimu, tunaposema tunakarabati rimu za gari zito huku pwani, tunakarabati nini hasa?

## Chumvi haina haraka

Motahomu yenyewe, yaani gari lenye nyumba ndani yake, ni ya Kimarekani, ndefu kama basi, matairi sita ya inchi 22.5. Kama ilivyo kwa nyingi za aina hiyo, rimu nne ni za alumini: mbili za mbele, mbili za nje nyuma. Zile mbili za ndani ni za chuma, kwa kuwa hakuna anayeziona. Gari la namna hii huegeshwa ufukweni, kuanzia Raskazone kushuka hadi Kigombe na Pangani, wiki mbili, wiki tatu, halisogei.

Kusimama huko ndiko kunakoiua rimu. Rimu inayozunguka hujikung'uta na kujikausha. Iliyosimama hupokea mvuke wa bahari usiku na mchana, kaskazi kwa upande wake na kusi kwa upande wake, na mvua inayoosha uso wa rimu haifiki mgongoni.

Alumini ina ngozi yake. Ukiikwangua, papo hapo inajifunika upya kwa utando mwembamba wa oksidi usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaofanya sufuria isiliwe na kutu kama panga. Chumvi huutoboa. Haihangaiki na utando wote. Inatafuta kijitundu kimoja na kuchimba hapohapo kwenda chini. Sasa weka rangi juu: jiwe moja la barabara ya changarawe likitoboa rangi hiyo, unyevu na chumvi vinaingia na kuanza kutambaa kati ya rangi na alumini. Ndivyo vile vijinjia vya mchwa. Vinahitaji hewa yenye unyevu na chumvi kidogo tu, na Tanga havikosi kimojawapo.

Halafu kuna habu, kile kitovu cha chuma ambacho rimu hufungwa juu yake. Alumini ikigusana na chuma, katikati pakawa na maji ya chumvi, hiyo ni betri. Kwenye betri hiyo anayeliwa ni alumini. Ndiyo maana rimu hizi hugoma kutoka hata nati zote kumi zikiwa chini.

## Kabla ya nati ya kwanza

Gari lenye uzito huu halinyanyuliwi juu ya mchanga mtupu. Tandika ubao mgumu wa unene wa sentimita 5, upana usiopungua nusu mita kila upande, jeki iwe juu yake, kisha stendi chini ya ekseli. Miguu ya kusawazishia iliyokuja na motahomu si jeki. Imewekwa ili gari likae sawa linapoegeshwa, haimlindi mtu aliyeingia chini yake.

Kisha upepo. Matairi haya hujazwa hadi psi 100 na zaidi, mengine 120. Toa pini ya valvu, na nyuma toa za matairi yote mawili pacha, kabla ya kulegeza nati hata moja. Rimu yenye ufa inaweza kuwa inashikiliwa na nati zile tu. Ukizilegeza tairi likiwa limejaa, unaiachia.

Tazama nati zenyewe. Nati bapa yenye wosha inayozunguka ina maana rimu inashikwa katikati na habu. Nati yenye kitako cha mviringo ina maana rimu inashikwa katikati na boliti, na kwenye magari mengi ya mfumo huo upande wa kushoto nati hufunguka kinyume. Mtu anayeipiga ya kushoto kwa bunduki ya upepo akidhani ni kutu, anaikaza.

Rimu ikigoma, pulizia mafuta ya kulegezea kutu kuzunguka tundu la katikati, iache ilale hadi kesho yake, kisha igonge kwa nyuma kwa gogo au nyundo ya mpira huku ukizungusha. Nyundo ya chuma ikae mbali.

## Mchanga wa bure

Hatua ya kuvua rangi ndiyo inayoharibu rimu nyingi kuliko bahari yenyewe.

Mafundi wengine hukimbilia kostiki soda kwa sababu inakula rangi haraka. Inakula na alumini vilevile, tena kwa hamu kubwa zaidi, huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Maji ya betri nayo yasiikaribie rimu. Tafuta dawa ya kuvulia rangi iliyoandikwa kopo lake kuwa inafaa alumini, vaa glavu nzito za mpira na miwani, fanya kazi mahali pa wazi. Paka nene, funika kwa nailoni ili jua letu lisiikaushe kabla haijafanya kazi, subiri dakika 20 hadi 30, kwangua kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu. Rudia. Rangi iliyopakwa mara tatu haivuki kwa mkupuo mmoja.

Brashi ya waya wa chuma nayo ni kosa, ingawa ipo kila gereji. Inaacha chembe za chuma zimejichomeka kwenye alumini, na kila chembe ni kijibetri kipya. Tumia ya nailoni. Na ukisaga alumini, usisagie pale ambapo grenda ya chuma inarusha cheche: vumbi laini la alumini linawaka, na likichanganyika na vumbi la kutu linawaka kwa joto la kutisha.

Ila kubwa kuliko yote ni mchanga.

Kompresa ipo, bomba lipo, na mchanga umejaa hapo nje. Ukipuliza mchanga wa pwani kwenye rimu, rangi inaondoka ndani ya dakika chache na rimu inatoka na uso mzuri wa kijivu, mkavu, unaoonekana tayari kwa praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Lakini mchanga ule umelala na bahari miaka yote. Kila punje imebeba chumvi, na wewe umeipiga punje hiyo kwenye alumini kwa nguvu ya kompresa. Umeipanda. Halafu unapaka praima juu, unaifungia ndani, na miezi michache baadaye ukucha wa mtu unaambua rangi yote.

Nadhani hapa ndipo ile rimu ya kwenye gunia ilipoharibiwa, maana vijishimo vyake havikuwa pembeni ya mikwaruzo ya mawe peke yake. Vilitapakaa uso mzima, sawasawa, kama kitu kilichonyunyizwa.

Isitoshe, mchanga mkavu unaopasuka hutoa vumbi la silika, na vumbi hilo likikaa kwenye mapafu halitoki. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii. Fundi anayepuliza mchanga bila kinga halisi ya kupumulia anauza mapafu yake kwa bei ya kuvua rangi.

Kama lazima upulize, puliza shanga laini za kioo au oksidi ya alumini, psi 40 hadi 60, bomba likisogea wakati wote. Kisha osha. Maji ya bomba au ya mvua, si ya kisima cha karibu na bahari, ambacho mara nyingi kina uchumvi wake. Osha kwa maji ya moto na sabuni isiyo kali, suuza, rudia mara tatu. Halafu iache usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi, madoa meupe yakichomoza kwenye vijishimo vilevile, chumvi bado imo. Rudi kwenye ndoo.

Wengi hawarudi kwenye ndoo. Mteja anasubiri.

## Mafuta ya taa na chaki

Rimu ikishakuwa tupu, kabla ya msasa wa kung'arishia, kabla ya kuulizana habari za rangi, itafutwe ufa.

Kuna makopo matatu ya kupuliza yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo: la kusafishia, la rangi nyekundu inayopenya, na la unga mweupe unaoivuta rangi nje. Yakikosekana, ipo njia ya karakana za reli za zamani, na vifaa vyake vinapatikana duka lolote la mtaani. Osha na kausha rimu. Ipake mafuta ya taa kwa brashi kuzunguka matundu ya boliti, matundu ya hewa, tundu la valvu na kwenye ukingo, mbele na nyuma. Subiri nusu saa hadi saa moja. Futa mafuta yote kwa kitambaa kikavu mpaka uso usiteleze. Sasa paka chaki iliyosagwa ikachanganywa na spiriti kidogo, nyembamba kama chokaa ya ukutani, iache ikauke iwe nyeupe kabisa. Gongagonga rimu kwa kipande cha mti.

Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka yenyewe na kulowesha chaki. Unachokiona ni mstari mweusi mwembamba juu ya weupe.

Rimu tatu zilibaki nyeupe.

Ile ya nne, puti ilipokwisha kuondolewa, mstari ulitokea. Ulianza kwenye kona ya tundu la hewa ukashuka kuelekea tundu la boliti, sentimita tatu na ushee. Mahali palepale palipokuwa pamejazwa. Upande wa nyuma, chaki ilipopakwa, mstari ukatokea na huko. Ufa ulikuwa umepita.

Kwa hiyo puti ile haikuwekwa kuficha mkwaruzo. Mtu aliuona ufa, akauita mkwaruzo, akaujaza, akausugua ukawa laini, akapaka rangi ya fedha. Kila nikiurudia mfuatano huo sioni hatua ambayo mtu asiyejali peke yake angeifanya. Zote ni hatua za fundi aliyejitahidi kazi iwe safi. Hilo ndilo linalonisumbua.

## "Si unaichomelea tu, mzee?"

Hilo lilisemwa na kijana mmoja pale uani, kwa nia njema kabisa. Mashine ya kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni inapatikana mjini, na inafanya maajabu kwenye matangi, boti na rimu za magari madogo. Sentimita tatu ni nini?

Jibu linategemea rimu ilivyozaliwa. Hizi za inchi 22.5 ni za kufua, zile mafundi wanazoziita foji: donge la alumini linakandamizwa kwa mashinikizo makubwa hadi liwe rimu, kisha linapitishwa kwenye moto unaopimwa ili likomae. Alcoa, kampuni ya alumini ya Marekani, ndio waliotoa rimu ya kwanza ya lori ya aina hii, mwaka 1948. Aloi iliyozoeleka kwa kazi hiyo ni 6061, na ile T6 inayoandikwa mbele yake inataja hayo mapishi: imechemshwa, imezimwa ghafla kwenye maji, kisha imeiva polepole kwa saa nyingi kwenye nyuzi 160 hadi 180 hivi. Nguvu yake yote imo kwenye mapishi hayo.

Moto wa kuchomelea unayafuta. Pembeni ya mshono, upana wa kidole au viwili, alumini inapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Ufa umezibwa, lakini umezungukwa na eneo jipya laini, katikati kabisa ya matundu ya boliti, kwenye gari litakaloshuka Lushoto na breki za moto. Watengenezaji wa rimu hizi wanakataza kuchomelea, na hapa sioni pa kubishana nao.

Kijana hakuridhika. Aliuliza kwa nini basi rimu za gari ndogo zinachomelewa kila siku na zinatembea. Ni swali la haki. Zinatembea kwa sababu zinabeba robo tani hadi nusu tani, upepo ni psi 30, na nyingi huchomelewa ukingoni, mbali na boliti. Hata hivyo, nyingine hazitembei. Hizo hazirudi gereji kutoa taarifa.

## Nyuzi 200

Zile tatu nzima nazo zilikuwa na ubishi wake, na huu ndio ulionichukua muda mrefu zaidi kuuamua.

Rangi ya unga ndiyo jibu la wengi siku hizi. Unga unapulizwa kwa umeme unanata, rimu inaingia tanurini, unga unayeyuka na kuwa ganda gumu la maikroni 60 hadi 80, gumu kuliko rangi nyingi za maji, yaani zile za kupaka zikiwa majimaji. Kwa pwani inaonekana kama dawa yenyewe.

Ila tanuri hilo hufika nyuzi 180 hadi 200. Rudi kwenye mapishi: alumini hii iliiva kwa nyuzi 160 hadi 180. Dakika 15 kwenye 200 haziiui rimu nzima. Hilo nalikubali, na rimu nyingi zimepita humo zikarudi barabarani. Hofu yangu ni tanuri la kienyeji lenye kipimajoto kimoja mlangoni, rimu iliyo karibu na moto ikapata 240, kisha mwakani mteja akabadili mawazo akataka nyeusi, ikaingia tena, na mwaka wa tatu tena. Hakuna anayeandika kwenye rimu imeingia motoni mara ngapi. Alumini iliyolainika haibadiliki sura. Inang'aa vilevile.

Niliyumba hapa. Wiki moja niliona ganda gumu ndilo suluhisho, wiki iliyofuata nikaona ni kuinunulia rimu sura kwa nguvu zake. Mwishowe kilichoamua ni ule mstari kwenye chaki. Ganda la rangi, liwe la unga au la maji, lingeuficha tena ufa wa mwaka ujao. Rimu ya kufua haihitaji rangi ili iishi. Iliyo tupu inaonekana yote, kila Jumamosi, kwa mtu yeyote mwenye ndoo na macho.

Kwa hiyo: zisipakwe. Zing'arishwe na ziachwe tupu.

## Mkonge kazini

Kung'arisha ni msasa na subira. Anza na namba 320 ya maji kama vijishimo ni vya kina. Kama ni ukungu tu, anzia 600. Kisha 400, 600, 800, 1000, 1500, kila namba ikivuka mistari ya ile iliyotangulia kwa upande mwingine, na usipande namba mpaka mistari ya zamani iishe. Kosa la kila mtu ni kuruka kutoka 400 kwenda 1000. Mng'ao ukija, mikwaruzo ya 400 inajitokeza yote, na hapo hakuna kuificha, unashuka ukaanze upya. Kila rimu moja inakula nusu siku au zaidi.

Vijishimo vya kina havifukuzwi mpaka mwisho. Ukisaga mpaka kishimo cha milimita moja kiishe, umepunguza milimita moja ya rimu. Acha kibaki, kionekane.

Baada ya msasa huja gurudumu la kung'arishia kwenye grenda ya kasi ndogo, na gurudumu la kwanza, lile la kukata, ni la mkonge. Ndiyo, huu mkonge wetu. Nyuzi zake ni ngumu kiasi cha kubeba dawa ya kahawia ya kukatia bila kulainika, ndiyo maana viwanda vya kung'arisha metali kote duniani vinautumia. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai pwani hii ni 62, na mashamba yote tunayoyapita tukienda Muheza yalianzia hapo. Si vibaya fundi wa Tanga kujua kwamba gurudumu analouziwa kwa bei ya kutoka ng'ambo lina nyuzi zinazoota dirishani kwake.

Mkonge kwanza, pamba baadaye na dawa nyeupe au ya kijani. Usikae mahali pamoja: alumini ikipata moto dawa inaganda na kuacha mawingu meusi. Mabaki meusi ya dawa futa kwa unga wa ngano mkavu na kitambaa laini. Unga unanyonya mafuta yake kuliko sabuni, na haukwaruzi.

## Ndogo za kusubu

Motahomu ndogo, hizi za Fiat Ducato na jamaa zake zenye rimu za inchi 15 na 16, zikiwa na rimu za alumini, huwa ni za kusubu: alumini imemiminwa kwenye kalibu. Hizo hazing'ariki vizuri, na zikiachwa tupu hazivumilii. Hapo paka rangi, ya maji, bila tanuri. Hata zile za uso uliochongwa kwa mashine zikapakwa klia, ile vanishi isiyo na rangi. Kuzirudisha ni kuzichonga tena, kila safari zinakonda, na pwani klia yake haikai. Bora zipakwe rangi nzima.

Alumini iliyokwanguliwa ipate praima ya epoksi siku hiyohiyo, ndani ya saa chache, kabla oksidi haijanenepa. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Alfajiri rimu ni baridi kuliko hewa, na umande unaikalia bila kuonekana. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba metali iwe na joto la nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande. Jioni upepo wa bahari unakuletea chumvi kati ya tabaka na tabaka. Fungia rimu ndani, mlango uwe upande usio na upepo, na mwaga maji ya kompresa kila nusu saa, maana kwa unyevu wetu tangi linajaa haraka.

Tabaka mbili za epoksi, mbili za rangi ya juu yenye kigandishi, ile dawa inayochanganywa ili rangi ikauke iwe ngumu. Kigandishi hicho kina sumu ya kupumua inayopita kwenye barakoa ya vumbi kama haipo. Kinga yake ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Subiri siku saba kabla ya kufunga tairi. Siku tatu zinatosha kwa kugusa. Kwa chuma cha fundi tairi hazitoshi.

## Nyuso ambazo rangi haigusi

Iwe ya kufua au ya kusubu, kuna sehemu mbili zinazoamua kama kazi ilifanyika.

Ya kwanza ni pale mdomo wa tairi unapokalia rimu. Oksidi nyeupe ikijenga hapo, tairi linapungua psi mbili tatu kwa wiki, na watu wanahangaika na pancha isiyokuwepo. Safisha kwa pedi ya nailoni hadi pawe laini, badilisha raba ya valvu kila mara bila kubahatisha, paka sabuni ya kufungia tairi na si grisi. Ukingo ukiwa umelika ukawa mkali kama kisu, ondoa ukali huo kwa tupa laini, maana utakata tairi.

Ya pili ni uso unaokaa kwenye habu, pamoja na pale nati zinapokaa. Hapo pasiwe na rangi. Rangi ni laini. Ukikaza nati unaikaza rangi, na gari likitembea rangi inakonda na nati inalegea bila kuzunguka. Kwangua habu mpaka chuma kionekane. Grisi kidogo ya kuzuia kutu iende kwenye vile vituta vya habu vinavyoshika tundu la katikati tu, usoni isiende.

Nati bapa za M22: tone mbili za oili kati ya nati na wosha yake, tone mbili kwenye nyuzi za mwisho za boliti. Kituta kimoja cha habu kiwe juu kabisa. Kaza kwa nyota, yaani nati moja kisha ya mkabala wake, hadi nyutoni-mita 70, kisha nyota ileile hadi kipimo cha mwisho, ambacho kwa nati nyingi za mtindo huu ni 610 hadi 680. Kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si bunduki. Na kwa matairi pacha, rimu ya chuma ya ndani isafishwe kwa uangalifu uleule, kwa kuwa ndiyo inayoila mwenzake.

Baada ya kilomita 80 hadi 160, kaza tena. Ukitoka Tanga, hiyo ni Korogwe. Simama, acha zipoe, pitia nati zote kumi kwa kila gurudumu kabla ya kuanza kupanda kwenda Lushoto.

Motahomu ile imeondoka na rimu tatu za alumini na ya chuma kwenye nafasi ya nne, ya kukopa, hadi nyingine ipatikane. Haipendezi kuitazama. Ile yenye ufa haikupelekwa kwa wauza rimu wa mitumba. Ilikatwa vipande viwili kwa msumeno, mstari wa msumeno ukipita juu ya ule wa chaki, ndipo ikauzwa kwa kilo.